Viinitete vya Kifaru, Kinyesi cha Ndovu na Nchi Inayojengwa Mbio

SWALI: Shikamoo Daktari. Niko mwaka wa tatu chuoni hapa Kenya, nasomea bayoteknolojia. Wenzangu wanalenga mbegu za mimea na dawa za binadamu, ila moyo wangu uko kwa wanyamapori. Mjomba wangu, mfugaji wa Kajiado, hunicheka. Anasema wanasayansi wanamwaga mamilioni kuzalisha kifaru kwenye chupa huku ardhi ya wanyama ikikatwa ploti na kupitishwa reli na lami. Je, fani hii ina msaada wa kweli katika nchi inayojengwa kwa kasi kama yetu, au tunacheza na mashine? Na kama ina msaada, nianzie wapi?

JIBU: Marahaba. Mjomba wako ana hoja, tena nzito kuliko anavyodhani. Mtafiti Joseph Ogutu na wenzake walipokusanya hesabu za wanyama zilizofanywa kwa ndege katika nyanda za malisho za Kenya tangu 1977 hadi 2016, waligundua kwamba wanyamapori walikuwa wamepungua kwa wastani wa asilimia 68. Hao hawakumalizwa kwa kukosa maabara. Walimalizwa na mashamba, ua za waya, mifugo iliyoongezeka, ukame na ujangili. Na kwa kuwa zaidi ya nusu ya wanyama wetu huishi nje ya mbuga, kwenye malisho ya watu kama yeye, anachokisema amekiona kwa macho yake. Nyumbu waliokuwa wakishuka kutoka Mbuga ya Nairobi hadi nyanda za Kitengela na Athi kwa maelfu wamebaki hadithi ya wazee, na hakuna mashine ya kuwarejesha pale palipokwisha kuota ghorofa.

Anapokosea ni pale anapodhani kwamba bayoteknolojia ya wanyamapori ni ile chupa peke yake. Chupa ndiyo inayopigwa picha. Kwa maoni yangu, kazi yenye faida kubwa zaidi anayoweza kuifanya mtu wa fani yako nchini leo ni kuonyesha, kwa ushahidi unaosimama mbele ya mhandisi na mbele ya hakimu, ni mnyama gani anapita wapi na ana undugu na nani, kabla mchoro wa barabara haujatiwa sahihi. Kazi hiyo inaanzia kwenye kinyesi, na nitaifikia. Kwanza tumalizane na kifaru, maana ndiye anayewagombanisha.

Sudan, dume wa mwisho wa kifaru mweupe wa kaskazini, alikufa katika hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia, tarehe 19 Machi 2018 akiwa na umri wa miaka 45. Wamebaki majike wawili, Najin aliyezaliwa 1989 na bintiye Fatu aliyezaliwa 2000. Wote hao walitoka bustani ya wanyama ya Dvůr Králové, Jamhuri ya Czech, wakaletwa Laikipia Desemba 2009 kwa matumaini kwamba nyasi na jua la Afrika vingewafanya wazae. Hawakuzaa. Najin ana miguu dhaifu ya nyuma, Fatu ana kasoro kwenye mji wa mimba, na hakuna kati yao anayeweza kubeba ndama.

Agosti 2019 timu ya BioRescue, inayoongozwa na Thomas Hildebrandt wa Taasisi ya Leibniz jijini Berlin, ikishirikiana na KWS (shirika la serikali la huduma za wanyamapori) na Ol Pejeta, ilitoa mayai 10 kutoka kwa majike hao, matano kwa kila mmoja. Kusema ni rahisi. Kifaru analazwa kwa dawa ya usingizi, kifaa kirefu chenye kamera ya mawimbi ya sauti kinaingizwa kupitia njia ya haja kubwa, kisha sindano inatobolewa hadi kwenye ovari, karibu kabisa na mishipa mikubwa ya damu ambayo ikiguswa mnyama anaweza kupoteza maisha palepale. Mayai husafirishwa kwa ndege hadi maabara ya Avantea, Cremona, Italia, na kila yai hudungwa mbegu moja ya kiume iliyogandishwa wakati madume walipokuwa bado hai. Kiinitete, yaani mimba changa kabisa inayotokana na yai hilo, kikikua vizuri, kinahifadhiwa kwenye nitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Kufikia mapema 2024 walikuwa na viinitete 30. Najin alistaafishwa utoaji wa mayai mwaka 2021 kwa kuwa hatari kwake ilizidi faida.

Kisha Septemba 2023, pale pale Ol Pejeta, kiinitete cha kifaru mweupe wa kusini kilipandikizwa kwa jike wa kusini, kama jaribio kabla ya kutumia kile cha thamani zaidi. Mimba ikashika, mara ya kwanza duniani kwa kifaru. Lakini Novemba mvua kubwa ilinyesha, maji yakafukua mbegu za bakteria za jamii ya Clostridia zilizokuwa zimelala udongoni, na jike yule akafa. Alipopasuliwa alikutwa na kijusi dume cha siku 70, urefu wa sentimita 6.4, kilichoumbika vizuri kabisa.

Soma tena aya hiyo, kwa sababu ndani yake mna jibu la nusu ya swali lako. Kila hatua ya maabara ilifaulu. Kilichoshinda ni udongo na mvua. Na si tukio la peke yake. Julai 2018 vifaru weusi 11 walihamishwa kutoka Nairobi na Nakuru kwenda eneo jipya la hifadhi ndani ya Tsavo Mashariki. Wote walikufa: 10 kwa athari za maji ya visima yenye chumvi nyingi na ukosefu wa maji mwilini, mmoja akiwa tayari amedhoofika akashambuliwa na simba. Kupima chumvi ya maji ni kazi ya maabara ya kawaida kabisa, haihitaji mashine ya kusoma jeni. Mwanafunzi wa bayoteknolojia akisahau kemia ya maji na elimu ya magonjwa, jeni hazitamfaa kitu.

Kuhusu fedha, mjomba wako aelezwe kwamba sehemu kubwa ya pesa za BioRescue imetoka wizara ya utafiti ya Ujerumani na kwa wafadhili wanaopenda jambo hilo mahsusi. Wasingezitoa kununua ardhi Kajiado. Kwa hiyo lile swali la "kwa nini wasinunue ardhi" halina mtu wa kulijibu. Swali gumu zaidi ni jingine. Viinitete hivi vina mama mmoja tu, Fatu, na mbegu za madume wachache. Huwezi kujenga ukoo wenye afya juu ya msingi mwembamba namna hiyo. Ndiyo maana timu hiyo inafuata pia njia ya seli shina: kuchukua seli za ngozi za vifaru waliokufa zamani, zilizohifadhiwa kwenye barafu, na kuzigeuza ziwe mayai na mbegu. Mwaka 2022 Katsuhiko Hayashi na wenzake wa Osaka walifika hatua ya kutengeneza chembe zinazofanana na zile zinazotangulia yai na mbegu. Yai lenyewe bado. Na hata ndama wakija, makao yao ya asili yalikuwa Uganda, Sudan, Chad, Afrika ya Kati na Kongo, ambako majangili na vita ndivyo vilivyowamaliza.

Linganisha na ndugu yao wa kusini. Yeye alibakia chini ya 100 mwishoni mwa karne ya 19, leo ni zaidi ya 15,000. Alirudi kwa kulindwa, kuhamishwa na kupewa ardhi, bila chupa hata moja. Mimi siupingi mradi wa Ol Pejeta. Ujuzi wake utawafaa wanyama wengine na Wakenya wameujifunza humo. Ila ningependa uuone kwa ukubwa wake halisi.

Sasa kinyesi.

Ndovu anapojisaidia, kila tonge la mavi linatoka limevishwa ute mwembamba unaong'aa. Ule ute umekwangua chembe hai za ukuta wa utumbo, na ndani ya kila chembe kuna DNA ya ndovu huyo. Ndani ya tonge utapata majani na bakteria. Unachokitaka kiko juu. Unafika asubuhi mapema, kabla jua halijachoma na mbawakawa hawajafumua. Unavaa glavu mpya, unachagua upande usiogusa ardhi wala kunyeshewa, unakwangua kwa kijiti safi kiasi cha ncha ya kidole, unatia kwenye kichupa chenye kihifadhi, unaandika saa na mahali. Ukipima na mzingo wa tonge unapata fununu ya umri wake, maana ndovu mkubwa hutoa tonge kubwa. Mnyama hajaguswa, hajapigwa sindano, pengine hata hukumuona.

Maabara ndipo pagumu. DNA ya kinyesi ni chakavu, na tanini za mimea huzuia mashine ya PCR, ile inayonakili DNA mara nyingi ili isomeke, kufanya kazi. Wakati mwingine mashine inasoma nakala moja ya jeni na kuikosa ya pili, hivyo ndovu mmoja akaonekana kama wawili tofauti. Usiporudia kila kipimo mara kadhaa, utatangaza kundi kubwa kuliko lililopo, na mwenye bomoabomoa atakushukuru: si umesema wapo wengi? Nimeona ripoti zilizoandikwa kwa kujiamini sana juu ya kipimo kilichofanywa mara moja. Uzirudie za kwako hata kama mfadhili anakuharakisha.

Alama za jeni 10 hivi, zikichaguliwa vizuri, zinatosha kumtambua ndovu mmoja mmoja, jinsia yake, na kukisia nani ndugu ya nani. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanaenda kutafuta kama ndovu wa upande huu wa barabara wametofautiana kijeni na wa upande ule, wanakuta hawajatofautiana, wanaandika kwamba barabara haina madhara. Ndovu hubeba mimba karibu miezi 22 na kizazi chake kimoja ni zaidi ya miaka 20. Barabara iliyojengwa 2017 haiwezi kuonekana kwenye tofauti za jeni leo hata kama hakuna ndovu hata mmoja aliyevuka tangu siku hiyo. Ukisubiri jeni zikuambie kwamba makundi yametengana, utakuwa umechelewa kwa miaka 50. Kinachotakiwa ni kumtafuta mnyama yule yule pande zote mbili: kinyesi chake kilipatikana kaskazini Machi, kikapatikana kusini Juni, kwa hiyo alivuka. Fanya hivyo kabla ya ujenzi na baada yake. Ukosi wa GPS unakupa njia ya kila siku ya ndovu wachache waliovishwa; kinyesi kinakupa orodha ya wengi. Vikienda pamoja, mhandisi hana pa kujificha.

Na wahandisi husikiliza wakipewa mahali mahsusi. Chini ya barabara ya Nanyuki kwenda Meru kuna njia ya chini ya ndovu iliyofunguliwa 2011, inayounganisha msitu wa Mlima Kenya na msitu wa Ngare Ndare na hifadhi ya Lewa. Ndovu waliitumia karibu mara tu ilipofunguliwa. Haikuwekwa kwa kubahatisha. Watu walijua wanyama wanapita wapi. Reli ya SGR ya Mombasa hadi Nairobi, iliyoanza kubeba abiria 2017, ina mapito ya chini ndani ya Tsavo, na sehemu iliyofuata kuelekea Naivasha ikapita juu ya Mbuga ya Nairobi kwa daraja la kilomita 6 hivi, mbuga yenyewe ikiwa na kilomita za mraba 117 tu. Watu wamebishana sana kuhusu daraja lile, na mimi nilikuwa upande wa waliotaka lizunguke. Ila sikiliza mabishano ya mradi wowote mkubwa: upande wa serikali huja na mapato, ajira, tani za mizigo. Upande wa wanyama huja na picha ya twiga. Asiyekuwapo na lake halipo. Tathmini ya athari kwa mazingira inayoandikwa kwa miezi michache, kwa kutazama wanyama wakati wa mchana kando ya gari, itawakosa wale wanaovuka usiku wa manane. Sampuli 300 za kinyesi zilizokusanywa kiangazi na masika zingekaa mezani kama mhusika halisi.

Kinyesi kinasema pia mnyama alikula nini. Mwaka 2015 Tyler Kartzinel, Robert Pringle na wenzao walichapisha matokeo ya kituo cha utafiti cha Mpala, Laikipia, ambako walisoma DNA ya mimea kwenye kinyesi cha walaji saba wakubwa: ndovu, nyati, swala pala, dikidiki, punda milia wa aina mbili na ng'ombe. Waliona kwamba hata wale ambao sote tungewaita wala nyasi hawali nyasi zile zile kwa kiasi kile kile. Kwa nchi ambayo kila siku inagombania malisho kati ya ng'ombe na punda milia, hilo lina uzito wa sera. Badala ya kubishana nani amemaliza nyasi za nani, unapima.

Jingine ambalo mjomba wako hajalifikiria: kadiri tunavyokata ardhi vipande vipande, ndivyo tunavyolazimika kuwasafirisha wanyama kwa lori wakati zamani wangekwenda kwa miguu. Januari 2024 vifaru weusi 21 walihamishiwa hifadhi ya Loisaba, Laikipia, ambako hawakuwa wameonekana kwa takriban miaka 50. Nani aende, nani abaki, dume yupi asikutanishwe na binti zake? Hayo huamuliwa kwa rekodi za ukoo na kwa jeni. Au chukua twiga. Sensa ya kitaifa ya wanyamapori ya 2021, ya kwanza ya aina yake nchini, ilihesabu twiga wa Kimasai 13,530, twiga wa kaskazini mwa nchi wenye mabaka ya wavu 19,725, na wa Nubia, waliozoeleka kwa jina la Rothschild, 938. Tangu uchunguzi wa jeni uliochapishwa 2016 wataalamu wamekuwa wakisema kwamba tofauti zao si za rangi tu, na Agosti 2025 IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, ukakubali rasmi kwamba twiga ni spishi nne. Kenya inao watatu kati ya hao wanne. Mtu akiwajumlisha ataona twiga zaidi ya 34,000 na kulala usingizi. Akiwatenganisha ataona kundi moja lisilofika 1,000, na atamkataza dereva wa lori kuwachanganya.

Nimesema "mbele ya hakimu". Sheria ya wanyamapori ya 2013 ilipandisha adhabu kwa makosa ya wanyama walio hatarini hadi faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha. Adhabu inapokuwa kubwa hivyo, mawakili wazuri huja. Mtu anakamatwa na gunia la nyama iliyokwisha katwakatwa, anasema ni mbuzi. Bila ngozi wala pembe, askari atathibitishaje? KWS ilifungua maabara yake ya uchunguzi wa jinai na jenetiki Nairobi mwaka 2015 kwa ajili ya kesi kama hizo. Kipande cha jeni moja, herufi 650 hivi za DNA, kinatosha kutenganisha mbuzi na swara. Kwa pembe za ndovu, Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington alifanya jambo la kijanja: alichora ramani ya jeni za ndovu wa Afrika nzima kwa kutumia kinyesi, kisha akalinganisha na pembe zilizonaswa bandarini. Makala yake ya 2015 ilionyesha kwamba sehemu kubwa ya pembe katika shehena kubwa zilizonaswa zilitoka maeneo mawili makuu, moja likiwa kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, la pili misitu ya mpakani mwa Gabon, Kongo na Kamerun. Baadaye akaunganisha pembe mbili za ndovu mmoja zilizosafirishwa katika shehena tofauti, na hivyo kuonyesha kwamba shehena hizo zilikuwa na mkono mmoja. Mombasa ilikuwa mojawapo ya bandari zilizotajwa.

Lakini usidhani DNA hushinda kesi. Mwaka 2016 mahakama ya Mombasa ilimhukumu mfanyabiashara kifungo cha miaka 20 kwa shehena ya zaidi ya tani 2 za pembe; Agosti 2018 Mahakama Kuu ikamwachilia kwa sababu ya kasoro za ushahidi. Kesi hufia njiani: kwenye muhuri uliofunguliwa, daftari lisilotiwa sahihi, kielelezo kilichopotea, friji iliyozimika. Ukija kufanya kazi hii, nusu ya ustadi wako utakuwa uandishi wa rekodi, na ni kazi ya kuchosha kuliko zote.

Friji iliyozimika sikuitaja kwa mzaha. Kemikali nyingi tunaagiza kutoka nje, zinakaa forodhani, zinakuja zimepata joto. Mashine ikiharibika fundi anatoka nchi nyingine. Ndiyo maana sampuli nyingi za Kenya husomwa Ulaya na Marekani, na hapo ndipo lilipo jambo ambalo vijana hawalifikirii hadi liwapate: mali ni ya nani?

Ziwa Bogoria lina maji moto ya magadi, na ndani yake wamo vijidudu vinavyostahimili hali ambayo vingine hufa. Mwaka 1992 watafiti wa Uingereza walichukua sampuli huko. Vimeng'enya vilivyotokana na vijidudu hivyo vikaishia viwandani, kwenye sabuni za kufulia na kwenye kazi ya kupaukisha nguo za jinzi. Mwaka 2004 KWS ilijitokeza kudai sehemu ya faida. Baadaye, 2007, ilitia sahihi makubaliano na kampuni ya Denmark ya Novozymes juu ya matumizi ya vijidudu vya hifadhi zetu. Tayari 2006 Kenya ilikuwa imetunga kanuni za upatikanaji wa rasilimali za kijenetiki na ugawanaji wa faida, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira, na Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa juu ya jambo hilo hilo, ikaanza kutumika duniani Oktoba 2014. Baadhi ya watafiti wanalalamika kwamba vibali vimekuwa msitu. Ni kweli, vimekuwa. Lakini kila ninapowasikia wakilalamika nakumbuka ile sabuni.

Kando kidogo: watu wakisikia bayoteknolojia hapa kwetu hufikiria mahindi ya GMO na zile kesi zilizofuata serikali ilipoondoa marufuku Oktoba 2022. Karibu yote niliyoyaeleza hapa hayabadilishi jeni ya kiumbe yeyote, yanasoma tu. Ukienda kijijini kukusanya sampuli, lieleze hilo kwanza, kabla hujafungua begi.

Na ukitaka kumfurahisha mfugaji, mweleze habari za icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Thomas Odhiambo. Wanasayansi wake walijiuliza kwa nini mbung'o hawamsumbui kuro ilhali anaishi nao porini. Wakakuta ni harufu yake. Wakatengeneza mchanganyiko wenye kemikali za harufu hiyo, wakautia kwenye vikopo vinavyovishwa ng'ombe shingoni, na majaribio ya Kwale, kando ya Shimba Hills, yakaonyesha ugonjwa wa nagana ukipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Mfugaji anayepata kitu kutokana na mnyama wa porini huwa mpole zaidi mnyama huyo anapopita shambani kwake.

Uanzie wapi? Takwimu na uchambuzi wa data kwa kompyuta, kabla ya kitu kingine chochote. Mashine utazikuta, wa kuzisoma ndio adimu, na mfuatano wa jeni za wanyama wa Afrika upo bure kwenye hazina ya GenBank. Unaweza kujifunzia ukiwa bwenini. Pili, jifunze kukusanya. Nenda kwenye boma la mjomba wako, kusanya kinyesi cha ng'ombe anaowajua kwa majina, kisha ukapime kama maabara itakuambia idadi sahihi na mama ni yupi. Hapo unajua jibu kabla ya kupima, kwa hiyo utajua unakosea mara ngapi. Wanyamapori hawatakupa nafasi hiyo. Tatu, omba nafasi ya mafunzo ya vitendo: maabara ya KWS, Taasisi ya Utafiti na Mafunzo ya Wanyamapori iliyoko Naivasha, Makavazi ya Kitaifa, ILRI (taasisi ya utafiti wa mifugo), icipe, Mpala. Andika barua fupi inayosema unajua kufanya nini. Zile za "napenda sana wanyama" zinajaa kwenye kapu.

Ukifika hatua ya mradi wako mwenyewe, vibali uvianze miezi mingi kabla ya msimu wa kukusanya. Leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Wanyamapori wana ruhusa yao. NEMA ina kibali cha rasilimali za kijenetiki, na wenye ardhi nao, iwe ni hifadhi ya jamii au kaunti, lazima wakubali kwa maandishi. Damu na ngozi za wanyama walioorodheshwa zikivuka mpaka zinahitaji hati za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini. Kinyesi kilichookotwa bila kumgusa mnyama kimesamehewa chini ya mkataba huo, jambo ambalo maafisa wengi wa forodha hawalijui, kwa hiyo tembea na nakala ya azimio lenyewe. Msamaha huo haukuondolei kibali cha NEMA. Na mkataba wa kuhamisha sampuli usome mwenyewe, mstari kwa mstari, hata kama msimamizi wako anakuambia ni karatasi za kawaida: angalia data itakaa kwa nani, jina lako litakuwa wapi kwenye makala, nani ana haki ya kuuza kitakachogunduliwa, na kama mabaki ya sampuli yatarudi Kenya au yatateketezwa huko huko.